Sundali ya dengu: kitafunwa cha Kitamil kisichokaangwa, hatua kwa hatua

Ukitaja kitafunwa cha Kihindi cha dengu, wengi wetu Afrika Mashariki tunawaza karai la mafuta: bhajia, ganthia, chevda, na zile dengu za kukaanga zinazouzwa kwenye vifuko vidogo. Ni vitamu, lakini kwa anayetaka kitu cha kutafuna kila siku bila kumwaga nusu lita ya mafuta jikoni, kuna njia nyingine, na ni ya zamani. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, dengu nzima huchemshwa mpaka ziive barabara, humwagwa maji, halafu huungwa kwa kijiko kimoja tu cha mafuta yaliyopasuliwa haradali ndani yake, pamoja na pilipili kavu na majani ya kari. Mwisho hunyunyiziwa nazi iliyokunwa. Chakula hicho huitwa sundali. Huliwa kikavu, kwa vidole au kijiko, bila mchuzi na bila mkate.

Huku kwetu hakijaenea, na sababu haiko mbali. Wahindi wengi waliohamia Afrika Mashariki walitoka Gujarat, Kutch, Punjab na Goa, kwa hiyo mapishi tuliyoyazoea ni ya huko. Watamil waliofika kwetu walikuwa wachache. Hata hivyo, ukiangalia kinachoingia kwenye sundali (nazi, embe bichi, ndimu, tangawizi, pilipili), utaona kwamba mtu wa Tanga, Lamu au Unguja hana cha kutafuta mbali isipokuwa vitu viwili vitatu vya duka la Kihindi.

Kwa Watamil, sundali ina msimu wake mkuu. Wakati wa Navaratri, usiku tisa wa ibada unaoangukia Septemba au Oktoba, nyumba nyingi hupanga ngazi na kuzijaza sanamu ndogo, mpangilio unaoitwa kolu. Jioni wanawake na wasichana hutembeleana kuangalia kolu za majirani, na mgeni huondoka na majani ya tambuu, manjano, na sundali ya siku hiyo. Kila siku punje hubadilishwa: leo dengu, kesho choroko, keshokutwa kunde, siku nyingine karanga au njegere kavu. Kwa kuwa ni chakula kinachotolewa kwanza kwa mungu, hakitiwi kitunguu maji wala kitunguu saumu, na mpishi haruhusiwi kukionja kabla ya kukitoa. Maana yake ni kwamba mpishi wa sundali lazima ajue vipimo vyake na ajue punje yake kwa kuibonyeza tu.

Nje ya nyumba, sundali ni chakula cha ufukweni. Kwenye ufuo wa Marina mjini Chennai, wauzaji hupita jioni wakinadi “thenga, manga, pattani sundal”, yaani ya nazi, embe na njegere kavu, na humfungia mteja kwenye kipande cha karatasi. Hiyo ya ufukweni ni kali na chachu zaidi kuliko ya ibadani. Katika mwongozo huu nitachukua msingi wa nyumbani, halafu nitaonyesha namna ya kuusogeza kuelekea ule wa ufukweni.

Nitasema mapema ninachokiamini: kazi yote ya sundali iko kwenye kuchemsha. Kuunga ni dakika tano. Katika mbaazi za nazi, tui zito husaidia kusitiri punje iliyopasuka au iliyobaki ngumu kidogo. Sundali haina tui wala mchuzi. Punje iko uchi mbele ya mlaji, na ikiwa haikuiva au haikuingia chumvi, hakuna kiungo kitakachoiokoa.

Dengu gani ununue

Kwanza tuelewane, hasa na msomaji wa Kenya: sizungumzii ndengu za kijani, ambazo Tanzania huitwa choroko. Nazungumzia zile punje za mviringo wenye mikunjo na ncha iliyochongoka upande mmoja. Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni ndogo, ya kahawia iliyokolea, yenye ganda nene. Wahindi huiita desi au kala chana. Ya pili ni kubwa, ya rangi ya krimu, yenye ganda jembamba, nayo huitwa kabuli.

Mimi nachagua ndogo ya kahawia. Haivurugiki kwa urahisi, ina ladha ya karanga kidogo, ina nyuzinyuzi nyingi zaidi kwa sababu ya ganda lake, na kwa Tanzania ndiyo inayolimwa. Mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza huilima kwenye udongo mweusi wa mbuga, ikipandwa mvua zinapoelekea kuisha ili ikue kwa unyevu uliobaki ardhini. Sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje, na India, ambayo yenyewe huzalisha zaidi ya nusu ya dengu zote duniani, ni mmoja wa wanunuzi wakuu. Kwa hiyo dengu unayoikuta sokoni Kahama au Mwanza ni ya aina ileile ambayo Mtamil angeiweka kwenye sufuria yake.

Kabuli nayo inafaa, na kwa anayeanza ni rahisi zaidi kwa sababu huiva upesi. Ila ipikwe kwa uangalifu, maana ikizidi kidogo inakuwa uji.

Cha kuangalia zaidi kuliko aina ni umri. Dengu zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hubadilika ndani, na zikifika hapo haziivi hata uzichemshe tangu asubuhi hadi alasiri. Nunua kwa mfanyabiashara ambaye bidhaa zake hazilali. Epuka punje zenye vitundu vya wadudu, zilizonyauka sana au zenye vumbi la unga chini ya gunia.

Mahitaji ya watu watano

- Dengu kavu robo kilo
- Chumvi kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- Manjano robo kijiko cha chai
- Mafuta ya nazi au ya ufuta, kijiko 1 cha chakula
- Mbegu za haradali nyeusi, kijiko 1 cha chai
- Uradi iliyokobolewa (zile punje ndogo nyeupe zilizopasuliwa za duka la Kihindi), kijiko 1 cha chai, si lazima
- Pilipili kavu nyekundu 2
- Mvuje wa unga, robo kijiko cha chai
- Majani ya kari, vikonyo 2
- Tangawizi kipande cha sentimita 2, na pilipili mbichi 1 au 2
- Nazi mbichi iliyokunwa, vijiko 4 vya chakula
- Embe bichi nusu, na ndimu nusu

Majani ya kari ni yale ambayo Wagujarati huita limdo. Kama jirani yako ana mti, omba kikonyo. Yakiwa mabichi yana harufu ambayo makavu ya pakiti hayana hata chembe. Ukiyakosa kabisa, acha, usiweke bizari ya mchuzi badala yake. Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko wa viungo na itakupa chakula kingine.

Mvuje unahitaji maneno zaidi. Pwani wazee wanaujua kwa kazi nyingine, ya dawa na ya kufukuza mabaya, na harufu yake ikiwa mbichi inamkimbiza mtu. Ni utomvu wa mizizi ya mmea unaoota Iran na Afghanistan. India huutumia kwa wingi lakini kwa karne nyingi imeuagiza kutoka nje. Majaribio ya kuulima huko yalianza mwaka 2020 katika bonde la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh. Ukiingia kwenye mafuta ya moto, ule ukali hugeuka kuwa ladha inayokaribia kitunguu kilichokaangwa, na ndiyo maana chakula kisicho na kitunguu kinaonekana kana kwamba kinacho. Robo kijiko inatosha, usizidishe. Angalia pakiti pia: mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na kwa mtu asiyeruhusiwa gluteni hilo ni jambo zito. Yeye atafute uliochanganywa na unga wa mchele, au auache.

Hatua ya kwanza: kuchambua na kuloweka

Mwaga dengu kwenye ungo au sinia, pepeta, toa mawe na punje zilizooza. Osha mara tatu mpaka maji yatoke safi. Kisha loweka kwenye maji mengi, mara tatu au nne ya ujazo wake, kwa saa 8 hadi 12. Punje itaongezeka karibu mara mbili na mikunjo ya ganda itanyooka.

Kwa walio kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa 12 juu ya meza zinaweza kuanza kuchachusha maji. Ukiona povu na harufu chachu, umechelewa. Loweka jioni sana, au badilisha maji kabla ya kulala, au weka bakuli kwenye friji.

Ukisahau kuloweka, chemsha dengu dakika 5, zima moto, funika, acha saa moja. Si sawa na kulala usiku mzima, hasa kwa zile za kahawia, ila inasaidia.

Maji ya kulowekea mwaga. Yamebeba sehemu ya zile sukari ambazo tumbo letu halizimeng’enyi na ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa gesi. Anayejaa tumbo kila akila jamii ya kunde asiruke hatua hii.

Hatua ya pili: kuchemsha

Hapa usiwe na haraka.

Tia dengu kwenye presha, weka maji safi yazifunike na kuzidi kwa vidole viwili. Usijaze presha zaidi ya nusu, kwa sababu jamii ya kunde hutoa povu na povu likipanda huziba tundu la mvuke. Matone machache ya mafuta hupunguza povu hilo. Tia chumvi yote na manjano sasa hivi.

Wapo watakaoshtuka: wengi tumefundishwa kwamba chumvi inazifanya punje ziwe ngumu. Kinachofanya punje zigome ni tindikali na chokaa ya maji, si chumvi ya mezani. Chumvi husaidia ganda kulainika, na muhimu zaidi, inaingia mpaka ndani ya punje wakati inapoiva. Ukiitia mwishoni inabaki juu ya ganda, nawe utaongeza tena na tena huku ndani ni chapwa. Ukitaka kula chumvi kidogo, hii ndiyo njia ya kuipata ladha yake bila kuizidisha.

Ndimu, ukwaju, nyanya na embe, vyote vikae mbali na sufuria mpaka dengu ziive. Tindikali huimarisha kuta za punje na itakuongezea muda mrefu wa kupika.

Maji ya kisima yenye chokaa nyingi nayo ni tatizo, na sehemu nyingi za miji yetu zinayatumia. Kama birika lako hujenga ukoko mweupe ndani, hayo ndiyo maji yenyewe. Tumia maji ya mvua au ya kunywa ya dukani kwa kuloweka na kuchemsha. Kama hakuna njia, chembe ndogo ya magadi, isiyozidi ncha ya kisu, italainisha. Lakini magadi huharibu vitamini B1 na yakizidi yanaacha ladha ya sabuni, kwa hiyo nayatumia pale tu ambapo maji au umri wa dengu haviniachii njia nyingine.

Funga presha, moto mkubwa mpaka filimbi ya kwanza, kisha shusha moto. Za kahawia zilizolowekwa usiku zinahitaji dakika 15 hadi 20 za moto mdogo. Kabuli dakika 10 hadi 15. Zima, kisha iache presha ishuke yenyewe. Ukiinyanyua filimbi kwa uma ili mvuke utoke kwa kishindo, maji yaliyo ndani ya punje huchemka ghafla na maganda hupasuka. Subiri dakika 15, osha vyombo vingine.

Kwa sufuria ya kawaida, hesabu saa moja hadi saa moja na nusu, moto wa wastani, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Maji yakipungua ongeza ya moto, usitie ya baridi. Anayeishi nyanda za juu aongeze muda: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo punje inapikwa kwa joto dogo kuliko huko Chennai, ambako ni usawa wa bahari. Nyanda za juu presha inakulipa zaidi kuliko mahali pengine.

Namna ya kupima: toa punje tatu, kutoka juu, katikati na chini ya chungu. Bonyeza kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Inatakiwa ibonyee bila nguvu na iwe laini mpaka katikati, bila kiini cheupe cha chaki, lakini kabla ya kubonyezwa iwe nzima, ganda limeshika. Ikipasuka vipande viwili kwa sauti, bado. Ikigeuka ugali kidoleni kabla hujabonyeza, imezidi. Hiyo isage na ndimu na ufuta iwe ya kupaka mkate, na sundali uifanye siku nyingine.

Mwaga kwenye chujio na uhifadhi maji yake. Ni supu tayari, ina chumvi na manjano. Yatie kwenye mchuzi wa jioni au pikia wali. Dengu ziache kwenye chujio dakika 10 mpaka zikauke juu. Hatua hii ndogo watu huiruka, na matokeo yake ni sundali yenye majimaji ambayo viungo vinateleza badala ya kushika.

Hatua ya tatu: unga wa viungo

Nyumba nyingine huweka, nyingine haziweki. Mimi napendelea kuweka kwa dengu za kahawia, kwa sababu ladha yake ni nzito na inahitaji mwenzake. Kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kaanga kijiko 1 cha chakula cha dengu zilizokobolewa na kupasuliwa (chana dali) mpaka zianze kubadilika rangi, ongeza kijiko 1 cha chakula cha mbegu za giligilani na pilipili kavu 2. Koroga mpaka harufu ijae jikoni na dali iwe ya dhahabu. Acha vipoe kabisa, kisha twanga au saga viwe unga wenye chengachenga. Vijiko viwili vya chai vinatosha kwa robo kilo. Unaobaki weka kwenye chupa yenye kifuniko, utadumu wiki kadhaa.

Hatua ya nne: kuunga

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha moto, kwa sababu ukishaanza hakuna nafasi ya kukata tangawizi. Majani ya kari yafute yakauke kabisa. Tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto litakurukia usoni. Kata tangawizi na pilipili mbichi vipande vidogo sana.

Pasha mafuta kwenye karai pana, moto wa wastani. Tia mbegu mbili za haradali. Zikilia, mafuta yako tayari. Tia zilizobaki na ufunike nusu, kwa sababu zinaruka. Sauti ikipungua, tia uradi na ukoroge mpaka iwe rangi ya dhahabu. Hapo ndipo pilipili kavu zilizovunjwa zinaingia, zikifuatiwa na mvuje, halafu majani ya kari, halafu tangawizi na pilipili mbichi. Kuanzia pilipili kavu mpaka tangawizi hazipiti sekunde 30. Mpangilio huu una maana: haradali inahitaji joto la kutosha ili ipasuke, la sivyo inabaki chungu, uradi inahitaji muda wa kukauka, mvuje na majani huungua upesi, hivyo huja mwishoni.

Haradali ikiwa nyeusi tii na moshi ukatoka, mwaga uanze upya. Ni kijiko kimoja tu cha mafuta, na ule uchungu hautoki.

Sasa mimina dengu. Koroga kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu, taratibu, usizivunje. Nyunyiza unga wa viungo kama unautumia. Ziache kwenye moto dakika 3 au 4, mpaka unyevu uliobaki uishe na kila punje ing’ae.

Zima moto kwanza, ndipo utie nazi. Nazi ikipikwa inatoa mafuta, inakuwa nzito na kupoteza utamu wake. Hapa tunataka ibaki mbichi, ipate joto la dengu tu. Ikune kwa mbuzi, ile nyama nyeupe peke yake, uiache ukifika kwenye ganda la kahawia. Nazi kavu ya pakiti itakubidi uinyunyizie maji ya vuguvugu dakika 10 kabla, na bado haitafikia ile mbichi.

Mwisho ni embe bichi lililokatwa vipande vidogo vya mraba na ndimu iliyokamuliwa. Onja. Kama si ya kutolewa sadaka, unaruhusiwa.

Kwa wanaotaka ya ufukweni

Chukua njegere kavu nyeupe au za kijani badala ya dengu, uzichemshe vivyo hivyo lakini kwa muda mfupi zaidi. Zidisha embe mpaka lote, na pilipili mbichi mpaka 3. Wengine huongeza karoti iliyokwaruzwa na kotmiri. Iwe kali na chachu, iliwe ikiwa vuguvugu.

Choroko, kunde na mbaazi kavu zote zinakubali kuungwa hivi. Choroko usiziloweke zaidi ya saa 4 na zisimame kwenye moto dakika 15 hadi 20 tu kwenye sufuria ya kawaida, kwani hupasuka haraka.

Walioko Masqat, Dubai na kwingineko Ghuba wana ndugu wa karibu wa chakula hiki, dango, dengu zinazochemshwa kwa chumvi na pilipili kavu, zinazopendwa sana Ramadhani. Ukiwa nazo tayari zimechemshwa, ruka moja kwa moja hadi hatua ya kuunga. Na kwa walio Ulaya au Marekani wasio na muda wa kuloweka, makopo mawili ya gramu 400 yatatosha badala ya robo kilo ya kavu. Zioshe kwenye maji yanayotiririka ili kupunguza chumvi ya kopo, zikaushe vizuri kwa kitambaa, na usitie chumvi nyingine mpaka uonje.

Kuhusu afya

Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina protini gramu 9 hivi, nyuzinyuzi gramu 7 hadi 8, na kalori 160 na ushee. Kwa vipimo vya hapo juu, pamoja na mafuta na nazi, sahani ya mtu mmoja inafika kalori 230 hivi, na inashibisha mpaka mlo unaofuata. Wanga wa dengu humeng’enywa polepole, kwa hiyo sukari ya damu haipandi kwa kasi kama kwa mandazi au biskuti. Kwa mwenye kisukari hiki ni kitafunwa kizuri cha saa kumi jioni, mradi akihesabu pamoja na vyakula vyake vingine vya wanga.

Dengu zina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi mwilini. Vitamini C ya embe na ndimu hukisaidia. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ile tabia yetu ya kila kitafunwa kuteremshiwa na kikombe cha chai ya rangi, hapa iahirishe saa moja, hasa kama ni mjamzito au mtu aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa damu.

Nazi ina mafuta mengi yaliyoganda. Vijiko 4 kwa watu 5 si vingi, ila aliyeshauriwa na daktari kuyapunguza atumie mafuta ya alizeti na kijiko kimoja cha nazi, aongeze embe. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Kijiko hiki kimoja kinagawanywa kwa watu watano, na sehemu yake inatoka na maji ya kuchemshia.

Ambaye hajazoea jamii ya kunde aanze na nusu kikombe kwa siku chache ili tumbo lizoee. Na mtoto mdogo, chini ya miaka minne au zaidi kidogo, asipewe punje nzima: ni za mviringo na ngumu kiasi cha kumkaba. Mpondee kwa uma na umtolee pilipili na mbegu.

Kuhifadhi

Sundali yenye nazi mbichi iliwe ndani ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Nazi huchacha upesi. Kwa friji, ihifadhi kabla ya kutia nazi, embe na ndimu, kwenye chombo kilichofungwa, na itakaa siku 3. Ukitaka kula, ipashe moto kwenye kikaango kwa kunyunyizia maji kidogo, kisha tia nazi na embe za siku hiyo.

Mtoto anayebeba sundali shuleni apewe isiyo na nazi, iliyokauka vizuri, na kipande cha ndimu kikiwa kimefungwa pembeni akamue mwenyewe.

Mimi huchemsha kilo nzima kwa mara moja, kwa sababu gesi au mkaa wa kupikia robo kilo haupishani sana na wa kilo. Zikishakauka kwenye chujio, zigawe sawasawa kwenye mifuko minne, kila mmoja badala ya robo kilo ya kavu, na uzigandishe. Mfuko ukitolewa asubuhi, jioni umeyeyuka, na kilichobaki ni kuosha majani ya kari na kukuna nazi.